Selimundu Si Aibu ya Mama

Ni wachache miongoni mwetu wasiopata kumwona mtoto wa namna hii. Macho yake yamekuwa manjano, vidole vyake huvimba, na usiku hulia kwa maumivu ya mifupa hadi alfajiri. Majirani hunong'ona kuwa amerogwa. Wengine humgeukia mama yake na kumwuliza ameyatoa wapi maradhi hayo, na pengine mama huyo hurudishwa kwao na talaka yake mkononi. Sisi tunasema bila ya kificho kwamba mwenendo huo ni dhuluma, na elimu ya tiba ilikwisha kuukanusha zamani.

Mwaka 1949 mtaalamu wa Marekani, James Neel, alionyesha kuwa mtoto haugui selimundu mpaka arithi kinasaba chake kwa baba na kwa mama pia. Anayerithi kwa mzazi mmoja tu hubaki mzima, wala hajui kama anakibeba. Wawili wa aina hiyo wakioana, katika kila mimba pana nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa. Basi baba anayemfukuza mkewe kwa sababu hiyo amesahau kwamba nusu ya urithi ule imetoka kwake mwenyewe.

Mwaka huo huo wa 1949, Anthony Allison, kijana aliyekulia Kenya na kusoma Oxford, alizunguka Afrika Mashariki akipima damu za watu. Aliona kwamba kinasaba hicho kimeenea mno katika pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, lakini ni haba katika nyanda za juu zenye baridi. Akajiuliza: kwa nini jambo linaloua watoto lisitoweke? Jawabu alilipata kwenye malaria. Mwaka 1954 alitangaza matokeo ya kupima watoto 290 wa karibu na Kampala. Kati ya watoto 43 waliobeba kinasaba, 12 walikuwa na vijidudu vya malaria katika damu. Kati ya 247 wasiokibeba, walikuwa 113. Kumbe kinasaba kile kile kinachotesa kikirithiwa kwa wazazi wawili, kikirithiwa kwa mmoja humkinga mtu na malaria.

Maana ya ugunduzi huo kwetu sisi watu wa pwani na visiwani ni kubwa. Selimundu si laana ya ukoo fulani. Ni alama ya vita ambavyo wazee wetu walipigana na mbu kwa karne nyingi. Lakini vita hivyo vimebadilika. Tangu dawa mseto zilipoanza kutumika Zanzibar mwaka 2003, na vyandarua na upuliziaji wa dawa majumbani vikafuata, malaria imerudi nyuma sana. Ngao imepungua kazi yake, na mzigo wake ungali mabegani mwa watoto.

Mzigo huo unaweza kupunguzwa. Tone moja la damu kutoka kisigino cha mtoto mchanga latosha kutambua maradhi. Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 1986 ulionyesha kwamba mtoto mgonjwa anayepewa penisilini kila siku huepukana na maambukizo makali kwa asilimia 84. Dawa ya haidroksiurea nayo ilijaribiwa kwa watoto wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda, na matokeo ya mwaka 2019 yalionyesha kuwa maumivu, malaria na hata vifo vilipungua.

Kwa hiyo tunawakumbusha viongozi wanaohusika kwamba kipimo kisichomfikia mwananchi shambani si huduma. Mtoto aliyezaliwa Micheweni au Tumbatu ana haki ile ile ya aliyezaliwa mjini, wala haifai mzazi apande chombo kuvuka bahari kutafuta jawabu la tone moja la damu. Kila kituo kinachozalisha hakina budi kiwe na njia ya kupima, na dawa zisikosekane katika bohari. Wachumba nao wapatiwe kipimo kwa hiari na kwa siri, pamoja na nasaha. Hatutaki kiwe amri ya kuvunja posa za watu; tunataka wanaooana waingie katika ndoa wakijua, ili mtoto wao apimwe mapema.

Kwenu wananchi, mficha maradhi kilio humfichua. Mpelekeni mtoto hospitali kabla ya kwenda kwa mganga. Masheikh na walimu wa skuli walieleze jambo hili waziwazi, kwani neno lao husikilizwa. Na akina baba wawe wa kwanza kunyoosha mkono ili wapimwe. Siku watakapofanya hivyo, mama wa mtoto mgonjwa hatabaki peke yake kando ya kitanda akibeba lawama isiyo yake.