Gari Kubwa la Kukodi, Kisiwa Kidogo



Likizo ya Disemba ikaribiapo, zipo jamaa za pwani yetu zinazofunga safari kwenda Ghuba kuwazuru ndugu. Kwa wale wanaofikia Bahrain, swali la kwanza baada ya tiketi huwa ni la usafiri: tukodi gari gani? Wengi huvutiwa na magari makubwa ya Kimarekani kama Chevrolet Suburban na GMC Yukon, ambayo ni ya kawaida katika barabara za huko. Si ajabu. Yana safu tatu za viti, huchukua watu 7 au 8, na ubaridi wa kiyoyozi humfikia hata aliyekaa nyuma kabisa. Jamaa yenye nyanya, watoto na mizigo ya zawadi huona heri gari moja kuliko mawili. Hilo hatulipingi.

Tunalosisitiza ni kwamba ukubwa una wajibu wake. Suburban ya sasa ina urefu wa takriban mita 5.7, ilhali Probox tuliyoizoea haizidi sana mita 4.2. Tofauti hiyo haihisiki katika barabara pana za Manama. Huhisika mtu aingiapo mji wa kale wa Muharraq, ambao vichochoro vyake vilikuwapo kabla ya magari. Huko ndiko iliko Njia ya Lulu, iliyotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2012. Ni bora kuegesha mbali na kutembea kwa miguu.

Lenye uzito zaidi ni usalama wa watoto. Boneti ya magari haya imeinuka, na mtoto mdogo akisimama karibu mbele yake, au akichutama nyuma, dereva aliye juu kitini huenda asimwone kabisa. Kamera ya nyuma husaidia, lakini haimwondolei mtu mzima jukumu la kutazama. Basi wazazi wenzetu tuweke kanuni: gari lisiondoke mpaka mtu mzima mmoja awe amewahesabu watoto wote, na kila mmoja amefungwa mkanda au ameketishwa katika kiti kinacholingana na umri wake. Kiti hicho kiombwe mapema, siku ya kuagiza gari.

Tena, Bahrain huendesha upande wa kulia tangu mwaka 1967. Mtoto aliyefundishwa Mombasa kutazama kulia kwanza kabla ya kuvuka, afundishwe kuanza na kushoto. Dereva naye, usukani ukiwa upande asiouzoea na gari likiwa pana kuliko lake la nyumbani, asilichukue usiku uleule wa kushuka ndege. Alale kwanza.

Kisha kuna mkataba. Gari la kukodi ni amana mikononi mwetu, na amana hupokewa kwa macho mawili. Pigeni picha kila mkwaruzo kabla ya kutia sahihi. Ulizeni kiasi ambacho mkodishaji hujilipia mwenyewe kabla ya bima kuanza kulipa, na iwapo tairi na vioo vimo ndani ya bima hiyo. Shemeji asipewe usukani ikiwa jina lake halikuandikwa, kwani ajali ikitokea bima yaweza kukataa kulipa. Na wanaokusudia kuvuka Daraja la Mfalme Fahd, lenye kilomita 25, kuingia Saudia kwa ajili ya Umra, waombe ruhusa ya maandishi kutoka kwa mwenye gari kabla ya kufika mpakani.

Mwisho, gari lichaguliwe kwa idadi ya vichwa, si kwa macho ya watakaotuona tukishuka. Jamaa ya watu wanne hutoshwa na gari dogo, na fedha itakayosalia yafaa kumnunulia zawadi aliyebaki nyumbani.