Aliyegeuza Mtumbwi

Kwetu Kigoma, ukitaka kumvunjia mtu heshima mbele ya kikao, mwite kigeugeu. Neno hilo nimelisikia miaka mingi, na nimelichoka.

Mjomba wangu alivua dagaa akitokea Kibirizi tangu enzi za karabai. Usiku mmoja wa giza, ndio usiku wa kuvua, maana mbalamwezi ikiwaka taa haziwavuti dagaa, alifika katikati ya safari akahisi ubaridi shavuni, na mawimbi mafupi yasiyo ya saa zile. Ilikuwa Juni, msimu wa kusi. Akageuza mtumbwi. Upepo wenyewe haukuja! Wenzake walirudi alfajiri vyombo vimejaa, na kesho yake mabaharia wawili wakamhama. "Mzee anabahatisha," tulisema. Ndiyo, tulisema, mmoja wa hao wawili ni mimi.

Leo nakana. Anayedhani kwamba utulivu wa usiku ule ulimsuta mjomba amekosea hesabu. Thomas Bayes, mchungaji wa Uingereza aliyefariki mwaka 1761, aliacha andiko lililochapwa 1763. Kanuni iliyopewa jina lake inataka imani ya awali isitupwe wala isiabudiwe, bali ipimwe upya kila dalili mpya inapoingia. Sasa tuseme hatari ilikuwa moja tu kwa kumi. Upande mmoja wa mizani pana ndoo za dagaa, upande wa pili watu sita. Kubahatisha kuko wapi hapo?

Tena ubongo hupima jambo jingine: dunia yenyewe inageuka kwa kasi gani. Palipotulia, dalili moja isikuyumbishe. Panapogeuka kila mara, hiyo moja ina uzito. Mwaka 2007 watafiti wa Oxford waliwachezesha watu mchezo wa kuchagua. Mambo yalipobadilika upesi, wachezaji nao walibadili makisio yao upesi zaidi, na eneo moja la ndani, sehemu ya mbele ya ubongo, lilifuatisha mabadiliko hayo. Mjomba aliishia darasa la nne. Lakini ziwa likitulia wiki nzima, ubaridi ule ule aliupuuza akaenda zake kuvua.

Na sisi? Vikaoni tunampigia makofi mwenye "msimamo", hata kama msimamo wake ni wa mwaka jana na ziwa ni la leo. Mjomba hakuniuliza kamwe kwa nini nilimhama.