Chumo la Usingizini na Jasho la Wazee

Mchumia juani hulia kivulini. Hivyo walinena wahenga wetu, wala hatukuijua njia nyingine. Siku hizi vijana wasema ipo: piga video, itie katika YouTube, kisha ulale, pesa zitaingia zenyewe.

Sisemi ni uongo. Tangu mwaka 2007 YouTube huwagawia wenye video sehemu ya malipo ya matangazo ya biashara. Kwa video ndefu, mwenye chaneli hupata asilimia 55. Lakini ili alipate fungu hilo kwa video za namna hiyo, sharti awe na wafuasi 1,000, na video zake zitazamwe kwa saa 4,000 katika miezi 12. Kisha Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 ikaliwekea pato hilo kodi ya asilimia 5. Basi kwa kijana mwaminifu, usingizi huo hutanguliwa na mikesha mingi.

Ninayemlaumu ni yule asiyetaka kukesha. Huyu huokota kaseti za taarabu na mashairi ya wazee wetu wa Mombasa na Lamu, akazitia picha ya jahazi, akazitangaza kuwa zake. Shairi langu la mawaidha nimelikuta humo. Ubeti wa tamati, wenye jina langu, umekatwa. Na kabla ya ubeti wa kwanza likapita tangazo la kamari!

Wako wasemao kwamba bila ya vijana hao kaseti zingaliozea makabatini. Kweli, na kwa hilo wana shukrani zetu. Lakini kuihifadhi amana si kuila.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 ilimpa mtunzi haki maisha yake yote, na miaka 50 baada ya kufa kwake. Maana yake ni kwamba shairi ni mirathi, kama shamba la minazi. Nasi tuliosoma chuoni twajua tangu utotoni uzito wa kula mali ya yatima.

Kwa hivyo, kijana wangu, chuma, tena chuma sana. Lakini mjane wa mtunzi yuko papo hapo mtaani. Bisha hodi kwanza, mwafikiane fungu lake, na jina la marehemu uliandike. Baada ya hapo, lala salama.