Mkurugenzi Mtendaji ni Nani?



Wengi wetu tukiona kibao mlangoni kimeandikwa "Mkurugenzi Mtendaji", tunavua kofia na kunyamaza. Siku hizi wengine humwita kwa herufi tatu za Kiingereza, CEO, na woga ni ule ule. Yatupasa tujue cheo hiki ni kazi gani, maana kinagusa mishahara yetu.

Mkurugenzi Mtendaji, kwa cheo hicho tu, si mwenye kampuni. Wenye kampuni ni wenye hisa. Juu ya kazi wako wakurugenzi katika halmashauri yao, nao humweka mmoja aendeshe mambo ya kila siku: anunue, auze, aandike watu, atie sahihi. Naye kwa kawaida ana barua ya kazi na mshahara, na akishindwa huondolewa. Meneja Mkuu mara nyingi hana kiti katika halmashauri, hutumwa tu.

Kwa nini twaeleza haya? Kwa sababu ya mchezo tunaoujua sote. Mnaketi mezani na meneja wa wafanya kazi mpaka mnapatana, halafu yeye asema, "Sina uwezo, ngojeni Mkurugenzi." Mkurugenzi naye asema, "Ngojeni halmashauri." Mishahara inakaa pale pale, bei ya unga haikai.

Twasema hivi: asiye na uwezo wa kutia sahihi aje na barua ya aliye nao. Sheria ya Uhusiano wa Kazi ya 2007, kifungu 57, yamtaka mwajiri atoe habari zote zinazohusika ili chama kiweze kujadiliana vizuri, na kwetu habari ya kwanza ni nani mwenye sahihi. Tena Sheria ya Makampuni ya 2015, kifungu 143, yawaagiza wakurugenzi wafikirie pia maslahi ya wafanya kazi wanapotafuta ufanisi wa kampuni. Atakayesema yeye ni wa wenye hisa tu, aonyeshwe kifungu hicho.

Hatusemi kila jambo lipelekwe kwake. Glavu zikipasuka, mwone msimamizi. Mkubwa akisumbuliwa kwa glavu, siku ya mshahara hatasikia.

Mapatano yakiisha, yapelekwe mahakamani kuandikishwa katika siku 14. Mwajiri asipoyapeleka, chama chaweza kuyapeleka chenyewe.

Wajumbe wa matawi, kabla ya kuketi mezani andikeni barua mkiuliza jina na cheo cha atakayetia sahihi. Nakala iletwe ofisini kwetu.