Majaribio Yaliyoshindwa Nayo ni Mali

Mtu apitaye sokoni mjini Babati hakosi kukutana na vijana ambao meno yao yana madoa ya kahawia. Sababu yajulikana: maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa, hapa Manyara na kwa jirani zetu wa Arusha, yana floridi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Ikizidi mno, floridi huharibu hata mifupa.

Dawa mojawapo tunayo: mkaa wa mifupa ya ng'ombe, uliochunguzwa kwa miaka mingi katika kituo cha Ngurdoto, karibu na Arusha. Fosfeti iliyomo mfupani huinasa floridi maji yanapopita. Lakini mfupa usipoungua sawasawa hubaki na mafuta, na maji hunuka. Ukiungua mno huwa mweupe, na nguvu yake ya kunasa hupungua. Basi mtafiti hana budi kuchagua joto, muda wa kuchoma na ukubwa wa chembe. Viwango 6 vya joto, 5 vya muda na 4 vya chembe ni majaribio 120. Nani ana kuni na miezi ya kutosha?

Hapo ndipo kompyuta ijifunzayo ifaapo. Hupewa matokeo machache ya awali, ikakadiria yale yasiyojaribiwa bado, kisha ikapendekeza jaribio lifuatalo lenye matumaini makubwa, au litakaloifundisha zaidi. Matokeo hurudishwa kwake, na makadirio husahihishwa. Mwenye kuchoma mifupa ni mtu yule yule.

Wenzetu wengi hulilia mitambo. Mimi nasema upungufu wetu mkubwa umo katika madaftari. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo cha Haverford, Marekani, na wenzao, walieleza jinsi walivyoifundisha kompyuta kwa majaribio ya zamani ya kutengeneza fuwele, pamoja na yale yaliyoshindwa na kusahauliwa. Ushauri wake ulifaulu kwa asilimia 89; ule wa wanakemia wenye uzoefu, 78. Kompyuta iliyoonyeshwa mafanikio tu haiwezi kujua mpaka wa kushindwa uko wapi.

Nami nina hatia. Tasnifu yangu ya udaktari, niliyoiandikia ughaibuni, ilibeba mafanikio peke yake. Madaftari ya yaliyoshindwa niliyaacha kabatini huko huko. Ningependa kila maabara nchini ichomayo mifupa kwa ajili ya kuchuja maji iandike joto, muda na matokeo, hata yakiwa sifuri, katika daftari moja la pamoja. Daftari hilo laweza kuanza kwa kalamu. Kompyuta ndogo ya mezani yatosha kulisoma.