MAONI: Mama aliyechanika asiambiwe avumilie

Mama akishajifungua, watu huuliza habari za mtoto na za damu. Habari za maumivu huachwa. Mwenyewe hunyamaza kwa aibu, na wakubwa wa nyumba humwambia uzazi ndivyo ulivyo, avumilie. Kwa maoni yetu desturi hii inaumiza akina mama na lazima ikome.

Msamba ukichanika hadi kwenye msuli unaofunga haja kubwa, hilo ni daraja la tatu. Ukichanika mpaka ndani ya njia ya haja, ni la nne. Kidonda hicho hushonwa na mtaalamu kwa ganzi, na huuma kwa siku nyingi. Mama hushindwa kukaa anyonyeshe, tena huogopa kwenda choo. Akijizuia, choo hukauka, na choo kigumu kinaweza kuharibu mshono.

Kwa hiyo dawa zitolewe kwa saa, zisingoje mama alie. Parasetamoli vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku. Mkunga akiona inafaa huongeza ibuprofeni, inayomezwa baada ya chakula. Dawa hizi mbili hazimzuii kunyonyesha. Apewe pia dawa ya kulainisha choo, na anywe maji ya kutosha. Kitambaa safi kilicholowa maji baridi, kikiwekwa dakika 10 hivi, hupunguza uvimbe. Kukanda kwa maji ya moto sana huweza kuunguza kidonda, na kutiwa dawa za miti kwa njia ya haja kubwa ni hatari kabisa.

Lakini vidonge peke yake havitoshi. Jerikani ya lita 20 ina uzito wa kilo 20. Mama akirudi kwenye foleni ya maji siku ya tatu, dawa itamsaidia nini? Baba, mashemeji na majirani, maji na kuni ni kazi yenu katika wiki 6 za mwanzo.

Maumivu yakizidi badala ya kupungua, au kukiwa na homa, usaha, harufu mbaya, au hewa na choo vikimtoka bila kuweza kuvizuia, arudi kituoni siku hiyo hiyo.

Nasi wahudumu, kila mama akileta mtoto kliniki, tumuulize anakaaje, anakwendaje choo, na maumivu yakoje. Wengi hawatasema wasipoulizwa.