Kisangani: Kurudi kwa mwajiri wa zamani baada ya dekonti finali, mfanyakazi aangalie nini?

Mjini Kisangani, jimboni Tshopo, kazi ya mshahara imekuwa haba. Kiwanda cha nguo cha Sotexki, kilicholisha familia nyingi za mji, kimezorota kwa miaka. Upande wa mashirika ya misaada, Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje mwezi Januari 2025, kisha USAID ikafungwa Julai mwaka huo. Miradi mingi nchini Kongo ilibaki bila fedha.

Anayeachishwa kazi hupewa dekonti finali, yaani hesabu yake ya mwisho. Wengine wananunua pikipiki ya taksi, wengine wanalipa deni na minerval ya watoto. Kisha siku moja simu inalia: ni mwajiri yule yule, mfadhili mpya amepatikana, anamtaka mtu wake arudi.

Ni habari njema nyumbani. Lakini kurudi kazini si kurudi mahali pale pale.

Jambo la kwanza ni ansiente. Kodi ya kazi, yaani sheria nambari 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inataka mwajiri anayevunja mkataba usio na muda atoe taarifa ya siku 14 za kazi, pamoja na siku 7 kwa kila mwaka mzima wa huduma mfululizo. Aliyetumika miaka 10 ana haki ya siku 84. Akipokea hesabu yake na kurudi kwa mkataba mpya, mfululizo umekatika. Akiachishwa tena baada ya mwaka mmoja, anaweza kuhesabiwa siku 21 tu, isipokuwa mkataba mpya uandike kwamba miaka ya zamani imetambuliwa.

La pili ni aina ya mkataba. Mara nyingi anayeitwa tena hupewa mkataba wa miezi michache, au anafanywa mjurnalie, analipwa siku kwa siku. Sheria imeweka mipaka. Mkataba wenye muda haurudiwi zaidi ya mara moja kwa mwajiri yule yule, isipokuwa kwa kazi za msimu au kazi maalumu. Naye mjurnalie aliyefikisha siku 22 za kazi ndani ya miezi miwili, akichukuliwa tena kabla ya miezi hiyo kuisha, anahesabiwa kuwa na mkataba usio na muda.

La tatu ni sababu ya kuachishwa. Aliyefukuzwa bila sababu halali hahitaji kungojea simu: kifungu cha 63 kinampa haki ya kurudishwa kazini. Isipowezekana, korti ya kazi inampangia fidia isiyozidi mishahara ya miezi 36. Safari hiyo inaanzia kwa Inspecteur wa kazi, anayejaribu kwanza kupatanisha pande mbili.

Wakongomani wanakumbuka ya Gécamines huko Katanga. Katika miaka ya 2003 na 2004, wafanyakazi 10,655 waliondoka kwa mpango wa "départs volontaires" uliogharimiwa na Benki ya Dunia. Wengi walipinga baadaye namna hesabu yao ilivyofanywa, lakini sahihi ilikuwa imekwisha kuwekwa.

Katika mji wenye kazi chache, ni vigumu kumwekea mwajiri masharti. Hata hivyo, anayeitwa tena ana nguvu yake: anaijua kazi, hahitaji kufundishwa, na mwajiri anajua hivyo. Wakati wa kuomba ansiente iandikwe ni kabla ya sahihi, akiwa na mjumbe wa sendika karibu na nakala ya dekonti finali ya kwanza mkononi. Kisha kusaini, mlango huo ni mgumu kuufungua tena.